Mafundi, acheni kufomati kompyuta za watu kwa sababu ya ugomvi wa programu za mtandao!

Wakuu, naandika nikiwa na hasira. Mtu akipeleka kompyuta ya zamani, ya XP au Windows 7, akasema mtandao haushiki, fundi wa mtaani ana jibu moja tu: piga Windows upya. Haulizi kilichowekwa juzi wala kilichofutwa jana. Anafuta diski, anachukua hela, mwenye mashine anarudi nyumbani na kompyuta tupu.

Shangazi yangu ana steshenari. Mitihani anayochapia shule za jirani, barua na CV za wateja, hesabu za duka, vyote vilikuwa kwenye mashine moja ya Windows 7. Humo mlikuwa na programu za modemu za mitandao miwili ya simu, antivirasi mbili, na VPN (programu ya kupitisha mtandao kwenye seva ya mbali) ambayo kijana wa dukani aliiweka kisha akaifuta. Siku hiyo modemu inaunganisha vizuri, dakika zinahesabika, lakini brauza haifungui ukurasa hata mmoja. Fundi akafomati bila kumuuliza kama ana nakala mahali pengine. Kazi ya miaka imepotea kwa tatizo ambalo mara nyingi linatibika kwa amri moja!

Windows ina kitu kinaitwa Winsock, na karibu kila programu inayotaka kwenda mtandaoni inapitia hapo. Tangu lilipokuja toleo la 2, programu nyingine zinaruhusiwa kujipachika katikati zikague kinachopita: antivirasi, vichujio, hata takataka za matangazo. Zinashikana kama pete za mnyororo. Ukiing'oa moja vibaya, zilizobaki zinaita kitu ambacho hakipo tena. Modemu ni nzima, bando lipo, ila hakipiti kitu. Kwenye XP ukiandika ipconfig /renew unaweza kuletewa ujumbe wenye maneno "not a socket". Ukiyaona hayo, diski ya mtu haina kosa, iache.

Na ugomvi wenyewe si wa jana. Enzi za Windows 3.1 kila kampuni ya programu za mtandao ilikuja na faili lake la WINSOCK.DLL. La pili likikaa juu ya la kwanza, programu zilizotegemea lile la kwanza zinagoma. Kuhusu mnyororo, Microsoft walitoa dawa ndani ya XP Service Pack 2, kifurushi cha maboresho cha mwaka 2004. Ni zaidi ya miaka 20! Fundi anayekula hela za watu hana kisingizio cha kutoijua.

Fungua Command Prompt, dirisha la kuandikia amri, kama administrator, uandike:

netsh winsock reset
netsh int ip reset c:\rekodi.txt

Kisha washa mashine upya. Kama ofisi inatumia IP (anwani ya mtandao ya kompyuta) ya kuandika kwa mkono, inakili kwanza, maana amri ya pili inaifuta. Antivirasi nyingine nazo zitataka kuwekwa tena baada ya hapo. Ukitaka kujua nani kajipachika, netsh winsock show catalog itakuorodheshea wote.

Lakini kabla ya yote angalia proksi, yaani mpatanishi ambaye brauza inaambiwa ipitie kwake. VPN na antivirasi nyingine zikiondoka zinaacha 127.0.0.1, anwani ya kompyuta yenyewe, kwenye Internet Options, brauza inabaki inagonga mlango wa programu iliyokwishafutwa. Kwa modemu usiishie LAN settings, kwa sababu muunganisho wa kupiga (dial-up) una proksi yake peke yake. Antivirasi mbili? Ondoa moja, tena kwa kifaa cha kuiondolea kinachotolewa na walioitengeneza, kwa sababu ile Uninstall ya kawaida mara nyingi inaacha madraiva (programu za kuendesha vifaa) nyuma. Wi-Fi ya XP inayokatika-katika, tazama kama programu ya kadi na huduma ya Windows yenyewe, Wireless Zero Configuration, zinagombea usukani. Zima moja. Na Windows 7 ikikataa kuweka VPN mpya, huenda vichujio vya mtandao vimefika 8, ambacho ndicho kikomo chake cha kawaida. Kwenye rejista (registry, ghala la mipangilio ya Windows) kuna MaxNumFilters, unaweza kuipandisha hadi 14.

Nyinyi kampuni za simu nanyi hamponi. Modemu nyingi za 3G zinapiga *99# kwa dial-up ya Windows yenyewe, ukishaweka APN (jina la lango la intaneti la mtandao wa simu), bila hiyo programu yenu nzito inayoacha huduma na madraiva hata ikifutwa. Kwa nini hamuandiki hilo kwenye boksi? Mtu mwenye laini mbili analazimika kubeba programu mbili zinazogombea modemu moja!

Kama umeshafomatiwa, zima mashine sasa hivi na usihifadhi kitu humo. Itoe diski, ichomeke kwenye kompyuta nyingine, endesha PhotoRec, programu ya kurudisha faili zilizofutwa, ni ya bure, na faili zitakazopatikana zihifadhi kwenye diski tofauti. Nanyi mafundi mnaomaliza kufomati kisha mkajaza muvi na nyimbo ili mteja afurahi, acheni kabisa. Ya shangazi ilijazwa hivyo, na palipokaa muvi, mitihani haikurudi.