Nimepigwa tochi ya mwendo, 63 kwenye 50, na mayai nyuma, Harrier ya mbele yangu ikaachiwa. Hii busara ina kipimo?

Kirikuu_Moro

Wakuu, nisaidieni, maana tangu juzi nabishana na nafsi yangu.

Kila Alhamisi natoa mayai Morogoro kwenda Dodoma kwa kirikuu, kapikapu kangu kadogo. Trei 140, zimekazwa kamba, pembeni nimebana vipande vya magodoro ya zamani. Aliyewahi kubeba mayai anajua huo si mzigo wa mtu wa mbio. Juzi nimeshaiacha Gairo, kuna kijiji kina kamteremko, kibao cha 50 kimemezwa nusu na matawi. Nakiona ndiyo nimeshakifikia. Nikakanyaga breki, trei mbili kwaheri. Mbele kidogo mkono wa afande huo. Akanionyesha simu: kirikuu changu, namba inasomeka vizuri, 63. Mpiga tochi mwenyewe sikumwona, labda ni yule kijana niliyedhani anajisaidia nyuma ya mbuyu.

63 ni 63, sikatai. Kinachoniuma ni nilichokiona nikiwa kwenye foleni ya kuandikiwa. Mbele yangu ilikuwepo Harrier nyeupe, dada kajitanda kanga, machozi yanamtoka: "Afande, nawahi msiba." Akaambiwa pole sana mama, nenda, ila punguza mwendo. Zamu yangu ikafika. Nikamwambia, afande, na mimi mayai yangu yameshapasuka hapo hapo kwenye kibao chenu. Akacheka. "Mayai hayazikwi, mzee. Lete leseni." Elfu thelathini. Mashine bado inatoa karatasi, V8 ya STL, namba za serikali, ikapita hapo kama upepo. Tochi sijui ilikuwa inaangalia wapi. Afande alipiga saluti.

Sasa ugumu uko hapa, na ndiyo maana sijaja kulalamika tu. Mwezi wa nne nilikuwa nampeleka mama hospitali, presha imepanda, nikakamatwa na 78 kwenye hamsini. Afande wa siku ile alichungulia ndani, akamwona bibi amelaza kichwa dirishani, akasema neno moja: "Wahi." Hakuandika chochote. Nilirudi nyumbani nikiwasifia polisi kwa jirani zangu wote. Kwa hiyo mimi hasa nataka nini? Wote tuandikwe, au waachiwe wanaostahili? Na anayestahili anajulikanaje pale barabarani, kwa dakika mbili?

Mla_Kimanda

Umekiri, umepewa control namba, lipa. Uzi umeisha. Zile trei mbili ulizipeleka wapi?

Suka_wa_Usiku

Mkuu, ombea hiyo busara isiondoke kabisa. Sisi wa mabasi tumefungiwa VTS, kile kifaa cha kufuatilia mwendo cha LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini. Ukivuka 80 inapiga kelele mpaka abiria wa siti ya nyuma anageuka kukutazama, na huko ofisini inajiandika yenyewe. Haimjui mfiwa, haina saluti, huwezi kuishikisha elfu tano ya chai. Kwa haki, ni haki tupu, na nakiri imetutuliza wengi tuliokuwa tunashindana mpaka Singida. Ila siku moja naovateki lori, likaanza kunijia upande wangu, nikazama mafuta nimalize nitoke. Sekunde chache tu. Kesho yake bosi ananionyesha karatasi. Nikajieleza, akaniambia karatasi haina lori. Trafiki aliyesimama pale angeliona.

Nyeupe_Mstaafu

Nimevaa nyeupe ya trafiki miaka 19, sasa nafuga kuku, kwa hiyo na wewe wa mayai tuna undugu.

Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 inasema 50 kwenye makazi, basi. Ambulansi, zimamoto na gari la polisi likiwa kazini wana nafasi yao. STL ya kiongozi anayewahi kikao haimo, hilo ulilalamikie bila aibu. Ile karatasi nayo si hukumu. Ukikataa kosa una haki ya kwenda mahakamani, na hapo kibao kilichozibwa na matawi ni hoja, ungekipiga picha. Watu hawaendi kwa sababu kupoteza siku mbili kunagharimu zaidi ya elfu thelathini. Askari nao wanalijua hilo.

Kuhusu kuachia, kila askari ana mstari wake moyoni. Wangu ulikuwa 55. Saa za wanafunzi kutoka shule sikuwa na mstari, hata 52 niliandika. Mgonjwa nilichungulia nikamwona. Msiba sikuachia, kwa sababu maiti haonekani ndani ya gari, na marehemu hana haraka. Niliitwa roho mbaya sana. Mwenzangu wa zamu alikuwa anaachia wanaolia na kuandika wanaobisha. Sasa jiulize, hicho ni kipimo cha mwendo au cha heshima kwa afande? Wewe ulitania mambo ya kibao. Hapo ndipo uliponunua risiti.

Kirikuu_Moro

Mzee wangu, shikamoo. Picha ya kibao nitaipiga Alhamisi hii, na panga la kukatia matawi nitabeba.

Hiyo ya kuchungulia imenigusa, kwa sababu sijawamalizia. Nilisimama Kibaigwa kununua maji, nikaikuta ile Harrier imepaki, dada anakula mahindi ya kuchoma. Nikampa pole, nikamuuliza tochi ilisomaje. 74. Nikamuuliza, marehemu ni nani wako? Akaniambia ni shemeji yake, amezikwa mwezi uliopita. Alikuwa anawahi arobaini.

@Mla_Kimanda, tulikula wote mtaani. Njoo Alhamisi.