MJADALA: "Tuache mafundisho, tumpende Yesu tu" – huu umoja unatufikisha wapi?

Wadau Bwana asifiwe, na wa upande mwingine salamu zenu.

Huku mtaani kwetu Nkuhungu, Dodoma, wachungaji wanaandaa ibada ya pamoja ya Pasaka, Waanglikana, Walutheri, Wamoraviani na makanisa ya kipentekoste, jambo zuri mi naunga mkono kabisa. Kikao kilikuwa kinaenda vizuri mpaka mzee mmoja akauliza, je Meza ya Bwana (ule mkate na divai) tutashiriki? Hapo ndo moto ukawaka. Huyu anasema kwao asiyebatizwa kwa maji mengi hashiriki, yule anasema kwao mpaka kipaimara, afu ikaja ya divai au juisi. Mwenyekiti akakata: wapendwa mafundisho yanagawa, tuyaache, tumpende Yesu tu. Makofi. Meza ikatolewa kwenye ratiba, nafasi yake wakapewa kwaya.

Mi nasema huo sio umoja, hiyo ni funika kombe mwanaharamu apite. Mafundisho hayajaenda popote, yanasubiri tu siku binti wa Kianglikana anaolewa na kijana wa kanisa la wokovu aambiwe abatizwe upya ndo ndoa ifungwe, mama yake alie, baba agome kuchangia, na wale wale waliopiga makofi ndo wanagombana sebuleni. Na anayesema "tuache mafundisho" naye keshatoa fundisho hapo, ila lake halitaki kuhojiwa. Tuongee.

Mgogo Halisi: Mkuu unayapa hayo mambo uzito ambao hayana. Babu yangu kule Mvumi hakukaa kulinganisha mafundisho akachagua Uanglikana, CMS, wale wamisionari wa Kianglikana kutoka Uingereza, ndo waliofika Ugogo, walikuwa Mpwapwa tangu miaka ya 1870. Angezaliwa Machame angekuwa Mlutheri, angezaliwa Kilema angekuwa Mkatoliki. Sisi tunagombania mipaka waliyogawana wazungu.

Mleta mada: Hilo la mipaka nakubali mzee, ila angalia Waanglikana wenyewe. Mwaka 1913 kule Kikuyu, Kenya, wamisionari wa Kianglikana, Wapresbiteri na Wamethodisti walikutana kutafuta ushirikiano, mwishoni askofu Peel wa Mombasa akaongoza Meza na wasio Waanglikana wakashiriki. Askofu Weston wa Zanzibar, wa UMCA (misheni nyingine ya Kianglikana, yenye ibada za kufanana na za Kikatoliki), alikasirika akaandika mpaka kwa Askofu Mkuu wa Canterbury, mkuu wa Waanglikana, akitaka Peel na askofu Willis wa Uganda washtakiwe kwa uzushi! Leo Zanzibar na Masasi za UMCA wenye uvumba na Dodoma ya CMS isiyo na mbwembwe hizo wako jimbo moja la Tanzania tangu 1970, na tofauti zao bado wanazo na zinajulikana. Biblia yenyewe tunayobeba wote, Union Version ya 1952, imetoka kwa watu wa tafsiri ya Mombasa na ya Zanzibar kukubali kukaa meza moja wakavutana neno kwa neno.

Mama Wawili: Sasa huyo Weston ndo mfano wa kuiga jamani? Kupelekana kwa Askofu Mkuu kisa mkate 🙄 Yesu kaomba Yohana 17 wote wawe na umoja, hakusema wakishamaliza semina.

Mleta mada: Dada sijasema tumuige, kushtaki mtu kwa kula pamoja ni kuzidisha. Ila angalau ulijua anasimamia nini. Na sura hiyo hiyo ya 17 Yesu anaomba watakaswe kwa ile kweli, mstari wa 17, mbona huo hatuusomagi kwenye ibada za pamoja?

Mtumishi wa Kizota: Mimi ni mpentekoste na sioni aibu. Hatubatizi mtu mara ya pili, kwetu ule wa utotoni haukuwa ubatizo, imani kwanza ndo maji. Mkinitaka nikae kimya kwa ajili ya umoja mnanitaka nisiamini ninachoamini.

Mleta mada: Mtumishi sikubaliani na wewe hata kidogo ila wewe ndo umejibu swali, kikaoni hakuna aliyesema hivi.

Katekista Mstaafu: Sisi Wakatoliki Mlutheri akija kwetu, kama alibatizwa kwa maji kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, harudiwi. Meza ndo bado hatujafika, na tunasema wazi. Mnakumbuka Augsburg, Ujerumani, 1999? Walutheri na Wakatoliki walisaini tamko la pamoja kuhusu kuhesabiwa haki, yaani mwenye dhambi anakubaliwaje na Mungu, jambo lililowatenganisha tangu karne ya 16. Iliwachukua miaka mingi ya mazungumzo, na waliandika kabisa wapi bado wanatofautiana.

Mgogo Halisi: Haya hao ni maprofesa. Hapa Nkuhungu nani ana hiyo miaka? Na tuseme ukweli, makanisa mengi yanayogawanyika mjini hapa hayagawanyiki kwa ubatizo, ni kiti cha mchungaji na sadaka, fundisho linakuja baadaye kama sababu ya kuandika kwenye barua.

Mleta mada: 😂 hapo umenishika, hilo sina jibu. Lakini basi tusiyasingizie mafundisho kwamba ndo yanagawa. Kikao kingine nitaomba swali la ubatizo lirudishwe kwenye ajenda, kila mchungaji aseme kanisa lake linasimama wapi na binti akiolewa upande wa pili atafanyiwa nini. Pasaka tuimbe pamoja hata bila Meza, ila tangazo litoke kwamba hatujashiriki kwa sababu hii na hii, sio "muda haukutosha".