Fondanti inapasuka kila nikilaza, naombeni ushauri wa haraka

Mwiko_Mpya:
Habari zenu wakuu. Najifunza kupamba keki, huu ni mwezi wa pili. Krimu naipaka vizuri tu, ila fondanti, ile sukari ya kukandwa inayosukumwa kama chapati kufunika keki, imenishinda. Nikiilaza inapasuka kwenye ukingo wa juu, mpasuko wa urefu wa kidole, na chini inajikunja kama sketi. Nasukuma unene wa milimita 2 hivi. Keki ni duara ya sm 20, kimo sm 10. Leo nimejaribu mara tatu. Swali langu ni moja tu: nifanyeje isipasuke? Ule ushauri wa "anza na keki ndogo" nimeshausikia, tafadhali.

Kisu_cha_Meno:
Keki uliikata kichwa ikiwa ya baridi au ya moto? Watu wanalaumu fondanti wakati keki yenyewe ina mgongo. Funga keki kwa nailoni, iweke friji kwa muda wa saa mbili, kisha kata kwa kisu cha meno huku ukizungusha keki, siyo kisu. Ikikatwa ya moto inamomonyoka, na kila punje ya makombo itaonekana juu ya fondanti kama chunusi.

Mwiko_Mpya:
Imenyooka, mkuu. Tatizo ni kupasuka.

Fundi_Sukari:
Mm 2 ni nyembamba mno kwa anayeanza. Sukuma mm 4. Upana wa kukata: kipenyo cha keki, jumlisha kimo mara mbili, ongeza sm 5 za kushikia. Kwako ni 20 + 20 + 5, yaani duara la sm 45, na hapo inaingia karibu kilo nzima ya fondanti. Ukisukuma ndogo utaivuta ili ifike chini, na ukiivuta inachanika palepale ukingoni kwa sababu uzito wote wa pembeni unaning'inia hapo.

Ikandike kwanza mpaka ipate joto la mkono na ukiivuta irefuke bila kukatika. Ikiwa kavu, paka mkononi kijiko cha chai cha mafuta ya kupikia yaliyoganda kwa kila nusu kilo, kisha kanda. Usimwage sukari ya unga mezani kama unapiga chokaa: inanyonya unyevu, na ngozi ya fondanti inakuwa na mistari kama goti la tembo.

Ukishailaza, laini juu kwa viganja ili hewa itoke, kisha shika ukingo mzunguko mzima HAPOHAPO, kabla hujagusa pembeni. Halafu shuka kidogo kidogo. Penye mkunjo, inua sketi nje kwa mkono mmoja ifunguke, mwingine ubandike kuelekea juu. Usivute chini hata mara moja.

Mzee_wa_Kejeli:
Penye mpasuko weka ua. Penye mpasuko mkubwa weka shada. Mapambo yote duniani yalianza hivyo.

Bibi_Vipimo:
Mwanangu, chini ya fondanti umepaka nini?

Mwiko_Mpya:
Asante Fundi_Sukari, najaribu mm 4. Je, kwa keki ya sm 25 na ya sm 15 hesabu ni hiyohiyo?

Fundi_Sukari:
Ndiyo. Kimo kikiwa kilekile, ya 25 unasukuma duara la sm 50, ya 15 la sm 40. Ila sasa umetaja saizi tatu. Ni keki ngapi hizo?

Bibi_Vipimo:
Nimeuliza umepaka nini chini.

Mwiko_Mpya:
Krimu ya kawaida, bibi.

Bibi_Vipimo:
Hakuna krimu inayoitwa ya kawaida. Ya siagi, ya chokoleti au ya kupiga?

Rangi_Rangi:
Wakati tunasubiri jibu: tumieni rangi ya jeli, siyo ya maji. Ya maji inalainisha fondanti mpaka inanata mezani. Na nyekundu au nyeusi itengenezwe jana yake, rangi huwa inakolea yenyewe kadiri saa zinavyopita. Watu wanaongeza, wanaongeza, asubuhi wanakuta keki inapaka midomo.

Mwiko_Mpya:
Sawa, niseme yote. Ni wipingi krimu, hiyo ya kupiga. Ndani na nje. Keki ni ya ghorofa tatu, ya harusi, Jumamosi saa kumi jioni. Leo ni Alhamisi. Ghorofa ya juu na ya chini nilizifunika jana usiku na ziko friji, hazikupasuka sana. Ya kati ndiyo inanisumbua. Msinishambulie: bibi harusi kasema hataki ladha ya siagi, na nimeona video nyingi watu wanafunika fondanti juu ya wipingi krimu na inakaa. Tena oda nilishaipokea, kurudi nyuma haiwezekani. Ndiyo maana niliuliza la kupasuka tu.

Kisu_cha_Meno:
Miezi miwili na harusi ya watu! Dada, jiko siyo uwanja wa majaribio.

Mzee_wa_Kejeli:
Mwacheni, hata bwana harusi ndiyo mara yake ya kwanza.

Bibi_Vipimo:
Ndicho nilichokuwa nakihofia. Wipingi krimu ni maji mengi yaliyoshikwa na mapovu. Fondanti ni sukari, na sukari ikikutana na maji inayeyuka. Inalainika kwa ndani huku juu ikikauka, ndiyo maana inapasuka. Tena ukishaibandika, krimu inasogea chini yake kama zulia kwenye sakafu iliyolowa, huna pa kuegemeza mkono. Unene si tatizo lako. Hizo video zinakatwa dakika kumi baada ya kufunika.

Hakiki_Kwanza:
Samahani, mimi naona hii ni chai. Anasema kafunika jana usiku juu ya wipingi krimu na mpaka leo zimesimama. Haiwezekani. Ingekuwa imeshateleza na kuwa dimbwi. Halafu uzi wa fondanti bila hata picha moja? Mtu kajitungia harusi apate wachangiaji.

Rangi_Rangi:
Hata mimi nilijiuliza. Na ghorofa tatu zimeingiaje friji ya nyumbani?

Mwiko_Mpya:
Chai ya nini jamani? Mbili tu ndizo ziko friji, nimetoa rafu. Picha sitaweka, bibi harusi anaweza kuwa humu. Krimu ni ile ya unga wa paketi, nilipiga na maziwa ya baridi.

Fundi_Sukari:
Basi inawezekana, Hakiki_Kwanza. Ya unga ina mafuta ya mimea na viungo vya kuishikilia, inakaa ngumu kuliko krimu halisi ya maziwa. Usiku mmoja kwenye baridi inavumilia. Tatizo linaanza ikitoka: keki ya baridi inavuta unyevu wa hewani, fondanti inatoka jasho, na chini krimu inaanza kuachia. Mwiko_Mpya, nenda kaangalie ile kubwa. Pale inapokutana na ubao, kuna nini?

Mwiko_Mpya:
Kuna mstari wa majimaji yanayonata, kama shira nyembamba. Umezunguka karibu nusu. Na fondanti ya pembeni imetoka tumbo.

Hakiki_Kwanza:
Naondoa neno chai. Hilo la shira mtu hawezi kulitunga.

Bibi_Vipimo:
Bado una muda, lakini uanze leo. Vua fondanti zote, na iliyogusa krimu usiirudie. Kwangua krimu ndani na nje, kisha punguza mm 5 za keki pale palipolowa. Siagi hataki, basi paka ganashi, yaani chokoleti iliyoyeyushwa kwa krimu ya moto. Kwa chokoleti nyeusi ni mbili kwa moja: ghorofa ya sm 20 inataka gramu 600 za chokoleti na 300 za krimu. Nyeupe ni laini zaidi, hiyo fanya tatu kwa moja. Chemsha krimu mpaka pembeni ianze kutokota, mimina juu ya chokoleti iliyokatwakatwa, subiri dakika tatu, koroga kuanzia katikati. Ilale nje ya friji, imefunikwa kwa nailoni inayogusa uso wake. Asubuhi itakuwa nzito kama siagi ya karanga.

Kesho asubuhi paka kwanza nyembamba ya kukamata makombo. Ikikamata, paka ya pili na uisawazishe kwa skrepa iliyosimama wima. Iache kwa muda wa saa nne igande. Kabla ya fondanti pangusa kwa brashi yenye unyevu kidogo tu, ishike. Ukingo wa ganashi ni mgumu, ndiyo kitu ambacho mkono wako ulikuwa unakitafuta leo.

Fundi_Sukari:
Na kila ghorofa ikae juu ya ubao wake wa saizi ileile. Ndani ya ile ya sm 25 chomeka vijiti vitano, vyote ndani ya alama ya sm 20. Ya kati vinne vinatosha. Kata vyote urefu mmoja, sawa na uso wa keki. Kimoja kikizidi hata mm 3, ghorofa ya juu inainama. Usipande ghorofa nyumbani kisha uzisafirishe, zipandishe ukumbini.

Mwiko_Mpya:
Nimeelewa. Ila ile ndogo ya juu nadhani naiacha. Haijatoa maji, na haibebi chochote. Nimeihangaikia mpaka saa nane usiku.

Bibi_Vipimo:
Bonyeza pembeni kwa kidole, polepole, sm 2 kutoka chini. Ikirudi, iache.

Mwiko_Mpya:
Imezama mpaka kwenye kucha.

Mzee_wa_Kejeli:
Shada halitoshi hapo.

Mwiko_Mpya:
Haya, nakwangua zote. Krimu ya ganashi lazima iwe ya maziwa, au hii ya paketi iliyobaki inafaa?

Bibi_Vipimo:
Ya maziwa, mafuta asilimia 35 kwenda juu. Ya paketi usiiguse tena mpaka Jumapili.