Wakuu naombeni ushauri, sasipensheni ya gari la sola inatutesa

Habari wakuu, sisi ni wanafunzi wa uinjinia tunaunda gari la mashindano la sola, tairi tatu, mbili mbele moja nyuma. Mbele tumeweka amu mbili (vyuma vinavyoshikilia tairi kwenye bodi), ya juu na ya chini, shida tukikandamiza bodi kwa mikono kidogo tu tairi zinageukia ndani zenyewe kama mtu kashika usukani, sasa si tutamaliza betri kwa kusugua tairi jamani! Mimi nahisi tairodi (fimbo inayotoka staringi boksi kwenda kugeuza tairi) ni fupi au imekaa juu sana, mwenzangu kang'ang'ania tatizo ni springi laini. Springi ngumu si itaficha tu ugonjwa? Na tairodi tuihamishe upande wa staringi boksi au wa tairi? Amu tushazichomelea, msituambie tuanze upya 😅