Pijo 504 ya marehemu baba: nitengeneze au niuze?

Binti wa Nakuru
Hamjambo ndugu zangu. Baba ametuachia Peugeot 504 ya 1978, steshenwagoni ya safu tatu za viti, petroli, gia kwenye usukani. Miaka mingi ilibeba abiria Nakuru–Nairobi, kisha ikawa gari letu la nyumbani. Barabara mashimo matupu, nasi huko nyuma tumelala fofofo. Sasa ina miaka minne haijatembea. Juzi tuliiwasha, ikatoa moshi mweupe, na kijiti cha oili kikatoka na kitu kama uji. Kaka zangu wanataka iuzwe chuma chakavu. Mimi roho inakataa. Nifanyeje?

Spana 13
Pole kwa msiba, dada. Huo uji ni maji ndani ya oili. Mara nyingi ni gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya hedi (kifuniko cha juu cha injini) na bloku. Usiiwashe tena hata dakika moja, utamaliza beringi. Uzuri wa injini hiyo, silivu zake, yaani mirija ambamo pistoni hupanda na kushuka, zinachomoka, maji yanazizunguka kwa nje. Zikilika unaweka mpya na pistoni zake, bloku haiendi kuchongwa. Ila mwambie fundi hivi: hedi ikishatoka, asizungushe krenki (shafti inayosukuma pistoni) kabla hajazibana silivu. Zikiinuka kidogo tu, maji yanashuka kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini. Na hedi ni ya aluminiamu, ipimwe kama imepinda.

Mzee wa Murram
Binti yangu, usiuze. 504 ndiyo iliyompa dereva Ove Andersson ushindi wa Safari Rally 1975, na 1978 Jean-Pierre Nicolas akashinda na ile 504 kupe, ya milango miwili, yenye injini ya V6. Hiyo yenu ina springi mbili kila upande nyuma, ndiyo maana ilijaa watu na magunia bila kulala nyuma. Wafaransa waliacha kuunda saluni 1983, Mombasa zikaendelea kuunganishwa.

Mama Kutu
Kabla ya injini, dada, angalia bodi. Inua mazulia, pitisha mkono chini ya milango. Injini inafufuka, bodi iliyooza ni gharama kubwa zaidi.

Binti wa Nakuru
Nimetoka kuangalia. Sakafu iko nzima, ila chini ya mlango wa dereva kidole kimepita mpaka nje.

Spana 13
Hapo panakatwa, panachomelewa bati jipya. Anza na hedi.