Plastiki ndogo ndogo za baharini zinatoka wapi hasa? Kikundi kinataka kuvunjika

kijana_wa_mjimwema
Wakuu habari za jioni. Sisi tuna kikundi chetu cha vijana kama 15 hivi huku Kigamboni, kila Jumamosi asubuhi tunashuka ufukweni kuokota taka, chupa, vifuniko, kandambili za mguu mmoja mmoja, nyavu zilizokatika, tunajaza viroba mpaka vinakosa wabebaji. Sasa tukishamaliza watu wanapiga picha, ufukwe unapendeza, ila ukichuchumaa ukaangalia pale maji yalipoishia kujaa yakaacha majani, mchanga una vipande vya rangi rangi kibao, bluu, kijani, vyeupe, vidogo kama chenga za mchele, na vingine huvioni mpaka uchekeche. Kuna na vidonge vya mviringo kama dengu, vinang'aa, hivyo ndo sielewi kabisa.
Wiki iliyopita mwenzetu mmoja kaja na habari kasoma mtandaoni eti 35% ya maikroplastiki (hizo plastiki ndogo ndogo) za baharini zinatoka kwenye kufua nguo, zilizobaki ni tairi za magari, kwahiyo sisi na chupa zetu tunajichosha bure. Wawili wameshaanza kutega. Mifuko ya rambo ilishapigwa marufuku tangu Juni 2019, sasa hizi zinatoka wapi? Na huyu jamaa yuko sahihi au anatafuta sababu ya kulala?

Mpemba_halisi
Anatafuta sababu ya kulala huyo 😂
Ila miye nakwambia za kwetu ni kidogo, nyingi zinaletwa na bahari. Huku Pemba upande wa mashariki tunaokota chupa zina maandishi ya Kiindonesia, sasa niambie nani wa Micheweni aliyekwenda kununua maji Jakarta.

samaki_wa_chuo
Mkuu wa Mjimwema, mwenzenu kasoma namba ya kweli ila kaishia katikati. Hiyo 35% imetoka kwenye ripoti ya 2017 ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira, na ile ripoti ilihesabu plastiki zinazoingia baharini zikiwa TAYARI ni ndogo. Humo ndani nguo ni 35, tairi 28, vumbi la mijini 24 (soli za viatu, rangi za majumba, nyasi bandia na makorokoro mengine), michoro ya barabarani 7, rangi za meli na boti karibu 4, vipodozi vyenye punje za kusugulia uso 2 tu, halafu hivyo vidonge vyako vya dengu sifuri nukta tatu. Chupa iliyopasuka pasuka pale ufukweni haimo kwenye hesabu hiyo hata kidogo, wala wavu uliochakaa. Na ripoti yenyewe ilikadiria kwamba hizo zinazoingia zikiwa ndogo ni kama 15 mpaka 31% ya plastiki yote inayoingia baharini. Kwahiyo hiyo 35 ni 35 ya kipande, sio ya mkate mzima. Mwambie arudi Jumamosi.

Kubwa linavyogeuka dogo ni hivi. Una kiti cha plastiki nyumbani kimekaa uani miaka mitano? Ukikipangusa kinaacha unga mweupe mkononi, siku akikikalia shemeji mnene kinapasuka mguu. Ni jua hilo, mwale wa jua unakata ile minyororo ya plastiki mpaka inakuwa kavu kama biskuti. Sasa chupa ikiwa majini haipati joto sana, tena inaota ukoko wa mimea unaikinga, lakini ikitupwa mchangani inachomwa kutwa nzima, maji yakijaa mawimbi yanaisaga kwenye mchanga, kesho tena. Ufukwe ndo kinu chenyewe. Nyie mnachofanya ni kuitoa chupa kabla haijasagwa, ikishakuwa chenga hakuna wa kuiokota tena.

Vile vidonge ni malighafi, ndo vinayeyushwa viwandani kutengeneza ndoo, mabomba na kila kitu cha plastiki. Vinasafirishwa kwenye magunia ndani ya makontena. Oktoba 2017 dhoruba ilipiga bandari ya Durban, makontena yakadondoka, tani 49 za vidonge zikamwagika, vikaokotwa mwambao mrefu sana wa Afrika Kusini. Halafu Mei 2021 ile meli X-Press Pearl ikawaka moto karibu na Colombo, hiyo ilikuwa na tani kama 1,680, fukwe za Sri Lanka zikawa nyeupe. Kwahiyo 0.3% kwenye karatasi inaonekana ndogo ila ikikupata wewe siku hiyo ni mia kwa mia.

Na Mpemba hajakosea sana. Pale Aldabra, Shelisheli, kisiwa ambacho hakina watu zaidi ya kituo cha utafiti, 2019 walisafisha wiki tano wakatoa tani 25, wakakadiria zimebaki kama tani 500 na ushee. Kwa uzito zaidi ya asilimia 80 zilikuwa zana za uvuvi, na kandambili wakakadiria kama laki tatu na nusu. Hakuna anayeishi pale kuvaa kandambili zote hizo.

fundi_tairi_tabata
Mi sijasoma hayo ya chuo ila la tairi naliongea kila siku na wateja hawanielewi. Tairi jipya linakuja na kashata zake nzuri, baada ya mwaka mmoja na kitu linarudi kipara, bodaboda ndo usiseme. Ile mpira iliyokuwa pale imeenda wapi? Haijayeyuka, imebaki barabarani unga mweusi, na mpira wa tairi sio utomvu wa mti tu jamani nusu yake ni mafuta ya petroli kama plastiki zingine. Mvua ikinyesha unga wote unaingia mtaroni, mtaro unaingia mto Msimbazi, Msimbazi unamwaga baharini pale daraja la Salenda. Madereva wanaofunga breki kama wamemwona jini ndo wanasaga zaidi, na tairi lisilo na upepo wa kutosha linaliwa haraka pembeni. Kwahiyo pimeni upepo, na sisemi hivyo ili mje kwangu (ila njooni).

Bi_Mwani
Wanangu naona mnataja meli na tairi, mbona hamtutaji sisi. Miye nalima mwani Jambiani huu mwaka wa kumi na mbili. Shamba zima ni vigingi na kamba za plastiki, na kila shina la mwani tunalifunga kwa tai-tai, kijikamba chembamba cha plastiki. Kamba moja ina tai-tai chungu nzima, na shamba lina kamba ngapi? Tukivuna zinakatika, upepo wa kusi ukipiga zinang'oka, zikikaa juani zinakuwa ngumu zinamenyeka nyuzi nyuzi. Zamani tulikuwa tunaziacha tu hapo hapo, maji yatachukua. Yamechukua kweli, sasa yanaturudishia, ukipapasa mchanga vidole vinatoka na nyuzi za buluu. Siku hizi nimewaambia wenzangu kila mtu aje na kikapu cha vikatikaji, wengine wananicheka wengine wanafanya.

kijana_wa_mjimwema
Bi Mwani shikamoo, asante sana, hizo nyuzi za buluu na huku zipo nilikuwa najua ni za nyavu tu.
@samaki_wa_chuo nimeprinti maneno yako nimeyabandika kwenye group, yule jamaa kasoma kajibu "sawa" tu, hajaongeza. Swali la mwisho, nguo sasa tufanyeje? Jezi zetu zote za kikundi ni poliesta 😅

samaki_wa_chuo
Poliesta ni plastiki iliyovutwa ikawa uzi, ukifua zinatoka nyuzi hata kama unafua kwa mkono. Mpya ndo inatoa zaidi kwenye zile fua za mwanzo. Msifue kila siku kama haijanuka, na maji ya kufulia mwageni kwenye udongo sio mtaroni, angalau haziendi moja kwa moja baharini.
Jumamosi msipite ufukwe mzima, pigeni ule mstari wa majani, hasa siku zinazofuata bamvua maana maji yamefika juu kabisa yakaacha kila kitu hapo. Chupa kwanza, kisha pimeni eneo dogo la mita moja kwa mita moja mchekeche mchanga wa juu juu, mhesabu. Mkifanya hapo hapo kila mwezi mtakuwa na namba zenu wenyewe za kubishania.

kijana_wa_mjimwema
Nimeomba chekecheo la unga nyumbani, mama kasema nikiligusa nitafute pa kulala.

fundi_tairi_tabata
Chukua wavu wa mbu wa dirishani pigilia kwenye fremu ya mbao. Ila angalia usiwe ule wa plastiki, utakuja kuhesabu chenga zako mwenyewe.