Tupeane uzoefu: kuwasha na kutumia chenso bila kuumia

Mpasuaji_Mufindi: Wakuu, heshima kwenu. Huku Mafinga kila kijana anataka kushika chenso (msumeno wa injini), na wengi wanafundishwa kukata tu, kuwasha wanajionea wenyewe. Mtu anaining'iniza mashine kwa mkono mmoja, anavuta kamba kwa mwingine, inawaka kwa kishindo cheni ikipita pembeni ya paja. Mimi naiweka chini pasipo na vijiti, nafunga breki ya cheni, ncha ya buti la kulia naiingiza kwenye mshikio wa nyuma, mkono wa kushoto nanyoosha kwenye mshikio wa mbele. Kamba naivuta polepole mpaka ikaze, ndipo navuta kwa nguvu. Ikikohoa mara moja, narudisha choki (kile kitufe cha kuwashia injini ikiwa baridi) hatua moja na kuvuta tena. Wengine mnafanyaje?

Mzee wa Milingoti: Sisi wa milimani tumewasha hewani tangu enzi hizo, mbona tupo?

Mpasuaji_Mufindi: Shikamoo mzee. Upo, ila wangapi wana makovu? Kwenye mteremko bana mshikio wa nyuma kati ya mapaja, mkono wa kushoto ukikaza mbele, breki imefungwa. Hapo umesimama na mashine haina pa kwenda.

Fundi Kabureta: Mashine ngumu kuwaka ndiyo inayomtia mtu hasira, akaanza kuvuta ovyo. Nyingi ninazoletewa shida ni mchanganyiko. Lita 5 za petroli, mililita 100 za oili ya 2T (ya injini za kuchanganya oili na petroli), basi. Anayetia oili ya gari simwonei huruma, nitamuuzia pistoni. Na jamani, acheni ipoe kabla ya kujaza, halafu sogeeni mita 3 kabla ya kuwasha.

Dada wa Mbao: Kwetu deiwaka (kibarua wa siku) alikuwa anapogoa gogo, kona ya juu ya ncha ya mashine ikagusa gogo la nyuma yake ambalo hakuliona. Mashine iliruka kumfuata usoni, haraka kuliko anavyoweza kupepesa jicho. Kilichomwokoa ni kwamba kidole gumba cha kushoto kilizunguka chini ya mshikio, kwa hiyo mashine haikumponyoka, na kifundo cha mkono kikasukuma kinga ya mbele, breki ikakamata. Angekuwa na ile chenso ya Stihl 070 ya zamani ya kupasulia, nyingi hazina breki ya cheni, tungekuwa tunaongea mengine.

kijana_njombe: Suruali zile maalumu ni bei. Nikivaa jinzi mbili?

Dada wa Mbao: Jinzi inachanika tu, mdogo wangu. Ile suruali ndani ina nyuzi ndefu, cheni ikizigusa zinatoka na kujisokota kwenye gia mpaka inasimama. Anza na hiyo kabla ya simu mpya.

Fundi Kabureta: Nimesahau hili: ikiwa sailensa (inanguruma tu bila kupewa gesi), cheni haitakiwi kuzunguka. Ikizunguka, punguza skrubu ya sailensa. Ikigoma, usiingie nayo msituni, ilete. Kujua kama oili ya cheni inafika, elekeza ncha kwenye kisiki kikavu bila kukigusa, ipe gesi. Mstari wa oili ukitokea, kazi iendelee.

kijana_njombe: Na tupa ya kunolea namba ngapi?

Fundi Kabureta: Cheni ya 3/8 (hicho ni kipimo cha cheni kwa inchi) kwa hizi mashine kubwa ni tupa duara ya 5.2 mm, ya .325 ni 4.8 mm. Sukuma kwenda mbele tu, na meno yote yalingane urefu.